Waya umekatika Afrika Kusini, voisi ya dada yangu haifunguki Wete

Mwana_Wete
Jumatatu 13 Mei 2024, saa 3:10 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Uzi huu nautuma mara ya nne. Mara tatu za mwanzo umezunguka mpaka betri ikaingia nyekundu, kwa hiyo mkiuona mara mbili nisameheni.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu yuko Maskati, mwaka wa tano huu. Jana Jumapili mchana kaniletea voisi sita mfululizo kwa WhatsApp. Ya kwanza ina dakika tatu na kitu, ya mwisho dakika mbili. Hakuna hata moja inayofunguka. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu kinasimama kama punda wa Konde. Sasa chini ya voisi zote kaandika maneno matatu tu: "Basi, usimwambie mama."

Nisimwambie nini?

Tangu jana sijala vizuri. Mama kaniuliza kulikoni, nikamwambia mtandao. Akanijibu, "Mtandao ndio unaokukataza kula changu wa kupaka?"

Mwanzo nilidhani ni mabaki ya Hidaya, maana kimbunga kile cha mwanzo wa mwezi huu kilisimamisha hata maboti. Leo redioni nasikia ni waya uliokatika chini ya bahari, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nauliza, na wala si kwa dhihaka: voisi inatoka Maskati inakuja Wete. Afrika Kusini imeingia wapi hapa? Mtu akitoka Maskati kuja Pemba anapitia Durban?

Kijiti_Jangombe
saa 3:25 usiku

Keshaolewa huyo. Tayarisha kanzu.

Binti_Mkunazini
saa 3:31 usiku

Kijiti, mtu ana roho juu na wewe unaleta maskhara. Mwana_Wete, pole kaka. Kwani simu ya kawaida huwezi kumpigia?

Mwana_Wete
saa 3:58 usiku

Dada yangu, miaka mitano yote tunazungumza kwa WhatsApp. Namba yake ya kawaida hata sina hakika kama bado ni ile. Leo nimeweka vocha ya elfu mbili, nikapiga, ikaita mara mbili, mtu akapokea akasema kitu kwa Kihindi, vocha ikakata.

FundiWaMnara
saa 4:40 usiku

Nafanya kazi za mitandao huu mwaka wa kumi na moja, ngoja nijaribu kulieleza.

Voisi ya dada yako haitoki Maskati ikaja Wete moja kwa moja kama jahazi la tende. Inakwenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za wenye WhatsApp, na seva hizo haziko Maskati wala Unguja, ziko nchi za mbali huko. Simu yako ndiyo inayokwenda kuichukua. Hata wewe ukimtumia picha jirani yako mliyepakana ukuta hapo Wete, picha hiyo inavuka bahari, inafika Ulaya, inarudi. Wengi hawalijui hili.

Sasa kuvuka bahari ndiko kwenye taabu. Tanzania tunategemea zaidi mikongo miwili mikubwa, ndizo hizo nyaya za mtandao za chini ya bahari, inayopita pwani yetu ya Afrika Mashariki. SEACOM ulianza kazi Julai 2009, EASSy ukafuata 2010. Yote miwili inashuka Dar es Salaam, na kutoka Dar ndipo tunapopewa sisi wa visiwani. Mkongo ukikatika upande mmoja, data inageuzwa inapita upande wa pili. Ndivyo ulivyotengenezwa.

Lakini upande wa kaskazini ulikuwa umeshaumia tangu Februari. Kule Bahari Nyekundu meli ya Rubymar ilipigwa na Wahouthi wa Yemen, ikawa inaelea inaburura nanga yake, na mikongo kadhaa ikakatika, SEACOM ukiwemo. Kwa hiyo mzigo mwingi ukawa unapitia kusini, unazunguka Afrika nzima kwenda Ulaya. Jana asubuhi kusini nako kumekatika, EASSy na SEACOM kwa pamoja. Ndiyo jibu la swali lako. Voisi ya Maskati kweli ilikuwa inapitia upande wa Durban.

Mwana_Wete
saa 4:52 usiku

Wallahi sijawahi kufikiri. Kumbe dada yangu kila siku anazunguka Rasi ya Tumaini Jema kuniuliza nimekula nini.

Ngalawa_Mkokotoni
Jumanne 14 Mei, saa 12:20 asubuhi

Fundi nna swali. Sie wavuvi tunatia nanga kila siku. Naweza mie na nanga yangu ya ngalawa nikaukata? Maana kijana wangu ananishutumu tangu jana.

FundiWaMnara
saa 1:15 asubuhi

Huyo kijana wako anakuonea. Ila swali si la kipuuzi. Duniani mikongo hukatika au kuumia mara mia na zaidi kila mwaka, na sababu kubwa ni nanga za meli na nyavu za kukokota. Ya papa kuutafuna waya ni hadithi tu, inatokea kwa nadra sana. Karibu na pwani huwa inafunikwa kwa vyuma na kufukiwa, lakini kina kirefu inalazwa tu juu ya mchanga, na huko unene wake ni kama mpira wa kumwagia maji miti. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ngalawa yako haina neno.

Ngalawa_Mkokotoni
saa 1:18 asubuhi

Namuonyesha sasa hivi.

Paje_Upepo
saa 4:05 asubuhi

Nyie mnalia voisi. Mie nna nyumba ya wageni ya vyumba sita. Tangu Jumapili sioni nani kaweka nafasi na nani kafuta. Jana usiku wamefika watu wawili na masanduku, wanasema wamelipia chumba, na chumba kina mtu. Mashine ya kadi haisomi. Kuna Mjerumani kala pweza siku mbili, pesa anayo lakini iko ndani ya simu, na simu haimtambui. Nimempa daftari ameandika deni kwa mkono wake, mara ya kwanza maishani mwake anaonja mkopo wa dukani. Kacheka sana. Mie sikucheka.

BANDO_POA
saa 4:30 asubuhi

NAUZA GB 10 KWA BEI YA KUTUPA NJOO INBOKSI HARAKA

Kijiti_Jangombe
saa 4:31 asubuhi

Za kwendea wapi?

Karafuu_Moja
saa 7:40 mchana

Nawasoma Waunguja nyie na Mwana_Wete wetu, nacheka peke yangu hapa Mkoani. Siku tatu za kiduara kuzunguka mmeshafanya matanga. Mmesahau mwaka wa kiza?

Kwa vijana wasiojua: tarehe 10 Disemba 2009 waya wa umeme unaotoka Ras Kiromoni, huko bara, kuja Fumba ulikufa, waya wa tangu 1980, na Unguja nzima ikalala kiza mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na haikuwa mara ya kwanza, 2008 walishakaa karibu mwezi. Sie Pemba wakati huo hatukuwa kwenye waya wa mtu. Tulikuwa na majenereta yetu pale Wesha, yanakohoa, yanalala, yanaamka, lakini usiku taa inawaka. Nilikuwa na ami yangu Mwembetanga, kila akipiga simu anauliza, "Huko kwenu upo?" Namwambia upo. Ananyamaza kidogo, kisha anakata. Maisha yetu yote Waunguja ndio waliokuwa wakitusikitikia sie.

Binti_Mkunazini
saa 8:15 mchana

Ewe Karafuu umenirudisha mbali. Nilikuwa darasa la saba. Kitu ambacho watu hawasemi ni maji. Taa mtu anawasha mshumaa, anawasha chemli, usiku unapita. Lakini pampu za maji zilikuwa za umeme, na umeme hakuna. Nikirudi skuli sivui sare, nachukua dumu naenda foleni kwenye kisima cha msikiti. Mikono mpaka leo ina sugu, na mume wangu akiuliza namwambia ni za kufua.

Darajani yote ilikuwa jenereta. Kila duka na lake, mlangoni, moshi unakuingia mpaka kooni, huwezi hata kupatana bei bila kupiga makelele. Nyama hakuna anayenunua kilo, unanunua ya siku moja. Kuchaji simu unalipa shilingi 500 na unaisubiri palepale, maana ukiiacha utarudi uikute ya mwenzio. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huu ndio Unguja anaoujua yeye. Watu wakatoka tena nje barazani jioni. Si kwa mapenzi, ndani joto.

Karafuu_Moja
saa 8:40 mchana

Na mkamaliza mkaletewa waya mpya 2013, megawati 100, kwa fedha za Marekani. Sie nasi katikati ya 2010 tukaunganishwa na Tanga. Yale majenereta tukayapumzisha tukafurahi. Sasa na sie tunaning'inia kama nyie.

MzeeWaBaraza
saa 11:50 jioni

Vijana, nimesomewa uzi huu hapa barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, na anayeniandikia ni mjukuu. Nami nina langu.

Mnazungumza kama waya wa baharini umekuja na simu za kupangusa. Waya wa kwanza kutua hapa ni wa 1879. Mwaka ule mwezi wa Januari, Waingereza walipigwa vibaya na Wazulu kule Isandlwana, na habari zikachukua kiasi cha wiki tatu kufika London. Serikali yao ikaona haya. Kabla mwaka haujaisha waya wa telegramu ulishatandikwa chini ya bahari kuunganisha Durban, Msumbiji, Unguja na Aden. Jumba la kampuni ile lipo Shangani mpaka leo, wanalala watalii. Kwa hiyo huyo kijana wa Wete anaposhangaa Durban imeingia wapi, aelewe kwamba Unguja na Durban zilifungwa kwenye waya mmoja zamani sana, hajazaliwa babu yake.

Na waya ule ulitufanyia nini? Agosti 1896, Sayyid Khalid alipokaa kwenye kiti cha usultani bila idhini ya Mwingereza, mwakilishi wao, Basil Cave, alipeleka telegramu London kuuliza kama anayo ruhusa ya kupiga mizinga Kasri. Jibu likarudi kwa waya huohuo. Tarehe 27 asubuhi wakapiga, na haikutimia saa moja mambo yalikwisha. Laiti waya ungekatika juma lile.

Tena neno lenyewe "simu" ni la Kifursi, maana yake waya. Mkisema simu za siku hizi hazina waya, lugha inawacheka.

Kijiti_Jangombe
saa 12:05 jioni

Mzee, basi ile simu iliyopigiliwa kwenye nguzo hapohapo Jaws Corner, iliyoandikwa kwa Kizungu kwamba simu za nje ni bure, mwambieni Mwana_Wete aje aitumie. Ndiyo pekee ambayo wiki hii haijaharibika zaidi ya ilivyokuwa.

MzeeWaBaraza
saa 12:20 jioni

Wageni wanne leo wameishika masikioni na kupigwa picha. Hakuna aliyeacha hata thumuni ya kahawa.

Kijana_Fumba
saa 2:30 usiku

Historia nzuri, lakini tunazunguka tu. Jibu lipo juu, angani. Wakenya wanayo Starlink tangu mwaka jana, Rwanda wanayo, Msumbiji wanayo. Unafunga sahani juu ya bati, unashika setilaiti, umekwisha. Kwetu leseni haijatoka. Tangu 2022 tunaambiwa Zanzibar itakuwa makao ya kampuni za teknolojia, watu waje na kompyuta zao wafanye kazi na upepo wa kusi unawapuliza. Wafanye kazi gani na kiduara hiki? Mie naandikia programu watu wa Uholanzi kutoka hapa Fumba. Jana nimepanda daladala na kompyuta yangu mpaka mjini nikitafuta ofisi ambayo mtandao wake unahema. Mteja kaniuliza kama niko salama. Alidhani kuna mapinduzi.

FundiWaMnara
saa 3:15 usiku

Kijana, setilaiti ni kitu kizuri na mie naitaka iruhusiwe, kwa visiwa vidogo hasa, Makoongwe huko, Fundo, Tumbatu, mahali ambapo hakuna atakayepeleka mkongo. Lakini usidhani utatoka kwenye waya. Data ikishuka kutoka angani inashukia kwenye kituo cha nchi kavu, na pale inaingia kwenye mkongo kama kawaida. Na dunia nzima, mawasiliano ya bara kwa bara karibu yote yanapita chini ya bahari. Huko juu ni kidogo sana.

Lililonisumbua mie wiki hii ni jengine. Mmeona YouTube taarab za zamani zinafunguka vizuri, na voisi ya dada yake Mwana_Wete haifunguki? Ni kwa sababu video zinazotazamwa na wengi huwekewa nakala Dar es Salaam, hazihitaji kuvuka bahari. Mmeona kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na namba kunakwenda? Simu za kawaida zinakwenda, sms zinakwenda? Vyote hivyo mitambo yake iko ndani. Sasa mie nimezunguka taasisi nyingi kuwafungia mitambo, Unguja na Pemba, na kila nikiuliza mafaili ya watu yatawekwa wapi, jibu ni nje, ni rahisi. Rahisi kweli. Juzi nimekuta mahali, sitapataja, karani yupo, mgonjwa yupo, faili la mgonjwa liko Ulaya. Wakaanza kuandika upya kwenye karatasi. Hata setilaiti ingekuwepo, mie ningeuliza lile faili Ulaya limefuata nini.

Kijana_Fumba
saa 3:40 usiku

Hapo sina la kubisha. Ila seva ya hapahapa nayo inataka umeme, na umeme unatoka Ras Kiromoni.

Karafuu_Moja
saa 3:42 usiku

Wesha hiyooo! Tuyaamshe majenereta!

Binti_Mkunazini
Jumatano 15 Mei, saa 3:00 asubuhi

Mie naomba waya usitengenezwe mpaka Ijumaa ipite. Grupu letu la harusi lina watu 214. Tangu Jumapili limenyamaza. Hakuna picha za vitambaa, hakuna voisi ya dakika nane ya mtu aliyekasirika kwa kuwa kuitwa kaitwa wa mwisho. Jana tumekutana watu watano nyumbani kwa bibi harusi, tumechagua sare kwa kuishika mkononi, tumekubaliana kwa robo saa. Sijawahi kuona. Wakifufuka wale 209 tutakuwa tumeshashona.

Kijiti_Jangombe
saa 3:09 asubuhi

Fundi, kwani wanautengeneza vipi? Wanapiga mbizi?

FundiWaMnara
saa 5:30 asubuhi

Hapana, kina hicho hakuna mtu wa kufika. Wanapeleka mwangaza ndani ya uzi kutoka kila upande, unakwenda mpaka penye mkato unarudi, wanahesabu muda, wanajua ni kilomita ngapi. Kisha inakwenda meli maalumu. Inayoshughulikia sana upande wetu wa Afrika kituo chake ni Cape Town, inaitwa Léon Thévenin, ya tangu 1983. Inateremsha kulabu mpaka chini, inavuta, inavuta, kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani. Wakipata ncha moja wanaifungia boya, wanatafuta ya pili. Halafu mafundi wanakaa ndani ya meli wanaunga nyuzi zile moja moja. Bahari ikichafuka wanasubiri. Kwa hiyo subirini nanyi. Wanachofanya sasa makampuni ni kununua nafasi kwenye njia za wengine, Mombasa na kwengineko, ndiyo maana leo kuna nafuu. Upo mkongo mwengine mpya, 2Africa, umeshafikishwa Dar tangu mwaka jana ila haujaanza kubeba mzigo.

Paje_Upepo
saa 10:10 jioni

Mjerumani kalipa. Kapanda daladala mpaka mjini, kasimama foleni ya mashine ya pesa, karudi na noti, kalipa deni lote na ameomba ukurasa ule wa daftari auchukue kwao. Nimemkatia.

Binti_Mkunazini
saa 2:00 usiku

Mwana_Wete yuko wapi? Tumezungumza waya mpaka tumemsahau mtu na dada yake.

Mwana_Wete
Alhamisi 16 Mei, saa 11:05 alfajiri

Nipo. Zimefunguka.

Niliamka kwa sala, nikaona simu inatikisika yenyewe mezani kama imepagawa. Picha, voisi, status za Jumapili, watu wananipongeza kwa mambo niliyokwishayasahau. Nikazitafuta zile sita. Nikakaa ukumbini na kusikiliza chini chini mama asisikie.

Ya kwanza, dakika tatu, ananisimulia foleni ya kiwanja cha ndege cha Maskati alipokwenda kumsindikiza mtu. Ya pili ananiuliza bei ya saruji Wete. Ya tatu ni kuhusu koti la mvua alilonunua, rangi yake, na kwa nini hakuchukua lile jengine. Ya nne ndiyo yenyewe: kapata ruhusa kazini, anakuja sikukuu ya mfungo tatu, kwa boti la Mkoani, na anataka kumshtukiza mama. Ya tano anarudia ya nne, ila anacheka. Ya sita ni dakika mbili za sufuria na bomba la maji, kasahau kuizima.

Kijiti_Jangombe
saa 11:20 alfajiri

Siku nne umetuweka roho juu kwa ajili ya saruji na sufuria.

Karafuu_Moja
saa 12:40 asubuhi

Boti la Mkoani! Mwambie nitampokea mie, nipo hapa gatini. Na mama hajashtuka kitu?

Mwana_Wete
saa 1:30 asubuhi

Nimetoka kunywa naye chai. Nikajitia kumuuliza, mama, mwaka huu sikukuu tutachinja au tutanunua nyama tu? Akasema tutachinja, mwanangu anakuja. Nikamuuliza nani kakwambia. Kumbe jirani yetu ana binti anayefanya kazi pamoja na dada kulekule. Binti huyo hajui kutunza siri, na mama yake hana simu ya kupangusa, ana ile ya tochi. Kampigia simu ya kawaida tangu Jumatatu asubuhi.

Nikamwambia mama, sasa mbona hukuniambia, uliniona sili?

Akasema, "Nilidhani wewe hujui, na dada yako asingependa nikwambie."